Leo Kaa Mbele

Watu wakimkumbuka mpiga besi wetu huniuliza kama alikuwa mgonjwa. Nawajibu, mgonjwa labda wewe unayeuliza. Mtu hajawahi kuchelewa kupanda jukwaani, hajawahi kugombana na yeyote, halewi, hakopi vipodozi vya waimbaji akasahau kurudisha. Mgonjwa wa wapi huyo? Yeye alikuwa amezoea tu, basi. Na mimi niliyeimba naye miaka yote ile ndiye ninayejua kuzoea kunaweza kumfanya mtu nini.

Tulimwita Pono kwa sababu ya usingizi. Yule samaki anayesifika kwa kulala, huyu mwenzetu alikuwa anamshinda. Alilala juu ya spika. Alilala amesimama akisubiri chai. Alilala kwenye kiti cha plastiki huku mpiga ngoma akikaza ngoma zake na kuzigonga pembeni ya sikio lake, du, du, du, wala hageuki. Halafu ni mrefu, miguu hiyo! Kwenye basi letu alikaa nyuma kabisa, kati ya sanduku la gitaa lake na spika ndogo, amejikunja kama nguo zilizoshindiliwa kwenye begi, magoti yanakaribia masikio. Ukimwambia, "Mdogo wangu, sogea huku kuna nafasi," anakujibu, "Haya," na hasogei.

Hilo "haya" lake lilinitia wazimu. Ratiba ikibadilika, haya. Chakula kimekwisha, haya. Alikuwa na mke, mke akachoka kukaa na picha ukutani, akafungasha akaenda zake. Pono alipata habari tukiwa safarini, akasikiliza simu mpaka mwisho, akasema haya, akaenda kujaribu mitambo. Moja, mbili, moja, mbili. Nilimwuliza jioni ile, "Hujisikii vibaya?" Akafikiri kwanza, kweli akafikiri, kisha akasema, "Nadhani najisikia vibaya, dada. Sijui kwa wapi."

Maisha ya njiani mnayasikia redioni mkadhani ni raha tupu. Njooni niwaonyeshe vyumba. Kitanda kinacholia ukigeuka, sinki, kioo kimepasuka pembeni, taulo limechakaa mpaka ukiliinua unaona dirisha, sabuni ndogo ya kufungua kwa meno. Mlango wa choo leo uko kulia, kesho uko kushoto. Ukiamka gizani unajigonga. Mimi nilikuwa na nundu kwenye paji la uso nikaificha kwa kilemba, mashabiki wakasifu kilemba. Pono hakujigonga. Aliniambia siri yake: "Mimi sikumbuki chumba chochote, dada. Napapasa ukuta tu mpaka niupate mlango."

Na jukwaani vilevile. Kuna wimbo wetu mmoja wa harusi ambao bila huo watu hawatoki ukumbini. Tuliupiga mpaka mimi mwenyewe nikamchukia bibi harusi asiyekuwa na kosa. Pono aliupiga macho yamefumbwa, na besi ile, jamani, ilitembea! Wazee walisimama kucheza, mwanamke mmoja akavua viatu akavirusha juu. Tuliposhuka nikamwambia, "Leo umewamaliza. Umeona walivyocheza?" Akaniuliza, "Walicheza?"

Sasa, kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinamfanya atoe simu mfukoni mwenyewe. Mama yake. Moyo wa yule mama ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na hospitali walishasema mpelekeni nyumbani apumzike, maneno ambayo kila mtu anajua maana yake. Alikuwa anauguzwa na binti yake, mdogo wake Pono, katika nyumba ileile waliyozaliwa. Binti alipiga simu kila baada ya siku chache. Sauti yake ilikuwa kali, sote tuliisikia hata bila spika. "Kaka, anakuuliza wewe. Kila asubuhi ananiuliza leo uko mji gani. Njoo umwone akiwa anakujua. Usije ukaja kuzika, kaka. Nakuomba."

"Haya," anasema Pono. "Nitakuja."

Anakwenda kwa kiongozi wa bendi. Kiongozi si mtu mbaya, ni mtu mwenye mikataba. Anamshika Pono bega na kumwambia, "Mji mmoja tu, kijana wangu, halafu uende." Mji unapita, kunatokea mji mwingine. Mimi nilimvaa kiongozi mbele ya watu wote, nikamwambia una mama wewe au uliokotwa? Akanywea. Lakini utamteteaje mtu ambaye ukigeuka unamkuta anakunja nyaya zake vizuri, ameshakubali?

Hapo lazima niwaeleze desturi yetu, maana ndiyo iliyotufikisha tulikofika.

Zamani mpiga tarumbeta wetu alipata habari ya msiba dakika chache kabla ya onyesho. Midomo ikakataa kupuliza. Watu hawakujua kuna nini, wakarusha chupa. Kuanzia siku hiyo kiongozi akaweka sheria: habari mbaya ya nyumbani inapita kwake kwanza, na mwenye nayo haambiwi mpaka kazi iishe na basi liwe tayari kuondoka. Na hata hapo haambiwi kwa mdomo, kwa sababu kila aliyejaribu kuwa mdomo wa habari ile alishindwa. Anaambiwa tu, "Leo kaa mbele." Kiti cha kando ya dereva. Pale una kioo kikubwa, una upepo, hakuna anayekutazama usoni. Dereva anazima redio. Huulizi, huambiwi, basi linakupeleka mpaka mlangoni kwenu, sote tukiwa nyuma yako. Siku nyingine zote kiti kile kinakaa mabegi. Ukiingia kwenye bendi yetu, kabla hujafundishwa nyimbo unafundishwa hilo.

Basi, dereva wetu wa miaka mingi akapata matatizo ya macho, akaletwa mwingine. Huyu alikuwa ameendesha lori la saruji maisha yake yote, kwake sisi tulikuwa mzigo unaoongea. Nyimbo hakufundishwa, si kazi yake. Na lile jingine nalo hakuna aliyekumbuka kumfundisha.

Asubuhi moja tunapakia vyombo uani kwenye nyumba ya wageni. Kiongozi alikuwa ametangulia na gari dogo kwenda kukagua ukumbi wa mji unaofuata. Mimi nimeshika kikombe changu cha chai, nimekaa kwenye ngazi, naona spika zinaingia, ngoma zinafuata. Pono akaingia kwa mlango wa nyuma, akaanza kujikunja. Dereva akamtazama, akatikisa kichwa.

"Wewe bwana mrefu," akasema, "leo kaa mbele."

Mpiga ngoma alikuwa anacheka jambo, kicheko kikamkatikia mdomoni. Pono alibaki ameinama vilevile, mkono mmoja juu ya sanduku la gitaa. Kisha akajikunjua taratibu, akashuka.

"Haya," akasema.

Akazunguka, akatoa mabegi kwenye kiti kile moja moja, akayaweka chini bila kuyabwaga. Akapanda, akafunga mkanda, mikono akaiweka magotini. Mpiga ngoma akavua kofia. Yule binti mwitikiaji wetu akaanza kuvuta kamasi, nikamfinya. Nani angemwuliza dereva? Kuuliza hakupo. Tulijua kiongozi amempigia simu akamkabidhi neno, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Na dereva naye alipoona watu wamepoa ghafla, akadhani tumechoka, akazima redio mwenyewe. Redio ilipozimwa, mimi nikajisemea moyoni, basi, mama wa watu ameondoka.

Nilikaa nyuma ya Pono. Niliitazama shingo yake njia nzima, nikisubiri mabega yatikisike, maana hata mwanamume mgumu vipi, kwa mama yake mabega hutikisika. Hakuna. Alitazama barabara. Mara moja alifungua chupa ya maji, akanywa kidogo, akafunga. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa shati, naona pembe yake inatokeza. Hakuigusa. Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakulala.

Tuliposimama kuweka mafuta nikashuka, nikaenda dirishani kwake.

"Mdogo wangu," nikasema. "Pole. Pole sana, baba."

"Asante, dada."

"Umekula kitu?"

"Nitakula." Kisha akasema, "Dada, ule waya wangu mrefu umepakiwa? Naona kama niliuacha jukwaani."

Nilitaka kumzaba kibao. Wallahi nilitaka, mbele ya watu, ili nisikie hata "aa!" ikimtoka. Badala yake nikaenda kuuangalia huo waya. Ulikuwemo. Nikampigia kiongozi, simu haipatikani. Mpiga kinanda, ambaye Mungu alimpa vidole akasahau kumpa kichwa, akasema kwa nini tusimpigie dada yake Pono tukauliza. Nikamwambia, "Piga wewe. Mwambie samahani dada, eti mama amekufa? Tunataka uhakika." Akarudisha simu mfukoni.

Kisha nikamwendea dereva. "Tunapita kwao kwanza. Mbele huko kuna njia ya vumbi upande wa kulia."

"Mimi nimeambiwa ukumbini moja kwa moja, mama."

"Na mimi nakuambia kulia. Huna utu?"

Akanitazama, akatazama na wenzangu walivyonuna, akaona hawa watu wamechanganyikiwa na ni wengi. "Sawa, mama," akasema. "Kulia."

Kabla ya kuingia njia ya vumbi tulisimama tena tukalivua lile bango la bendi mbele ya basi. Huwezi kuingia kwenye matanga na bango lenye sura yako unachekelea. Nilifuta rangi ya mdomo kwa mate na karatasi, nikajifunga kitambaa cheusi. Tulikuwa tumenunua sukari na majani ya chai. Basi likaenda polepole, kuku wanatupisha, mpaka kwenye nyumba ya bati yenye mlango wa kijani.

Hakukuwa na mtu uani. Hakuna viti, hakuna turubai, hakuna mwanamke hata mmoja na sufuria. Nikajiambia, wameshazika, tumechelewa! Pono aliitazama nyumba kupitia kioo, hakushuka.

Mlango ukafunguka, mdogo wake akatoka na ndoo ya maji machafu. Kuliona basi, ndoo ikamponyoka.

"Kaka!" akapiga kelele. "Umekuja! Umekuja kweli!" Na anacheka, anaruka kama mtoto.

Mimi nikajua ni uchungu umempanda kichwani. Nikakimbia, nikamkumbatia, nikambana. "Pole mwanangu. Pole. Lia tu, usicheke, lia."

"Pole ya nini, dada?" akasema ndani ya kifua changu. "Unanibana."

Na ndani ya nyumba sauti ya mtu mzima ikauliza, "Nani huyo? Mbona kelele?"

Sitaki kueleza nyuso zetu. Tulimgeukia dereva sote kwa pamoja. Nikamwuliza, "Nani alikutuma umwambie huyu akae mbele?"

"Miguu yake!" dereva akasema. Alikuwa karibu kulia, maskini. "Hamwoni miguu yake? Mtu amekunjwa kule nyuma kama kiti cha kukunja, nimemwonea huruma, kosa langu nini?"

Mpiga ngoma alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Mwitikiaji akacheka analia. Hata mimi, nilicheka huku namtukana dereva, huku namshukuru Mungu, vyote pamoja. Pono alikuwa ameshuka. Alisimama kando ya basi akitusubiri tumalize.

Tukaingia ndani, yeye mbele, mimi na pakiti zangu za sukari nyuma. Mama alikuwa kitandani karibu na dirisha, miguu juu ya mto, mwembamba, macho makali kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba yangu. Ehe! Basi zima? Umekuja kuoa?"

Pono hajui kudanganya, hana hata mahali pa kuanzia. Alimweleza yote, desturi, kiti, dereva. Mama alisikiliza mdomo wazi, kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, binti akamwinua akampa maji.

"Kwa hiyo tangu asubuhi mimi ni marehemu," akasema akijifuta macho. "Na mimi nimekaa hapa nasumbua watu na uji! Na sukari mmeniletea. Asante, dada, iweke pale, nitainywa kwenye matanga yangu mwenyewe." Tukacheka tena. Alimshika mwanawe mkono, akaupapasa, akamvuta karibu. Bado anatabasamu. "Haya niambie. Ulinililia sana njiani?"

Nilijua anataka kudekezwa kidogo tu. Mtu angesema ndiyo mama, yangekwisha.

"Sikulia, mama," Pono akasema.

"Hata kidogo?"

"Nilikuwa nangoja nilie. Chozi halikuja."

Mama hakuuachia ule mkono. Tabasamu lilikaa usoni kidogo zaidi kuliko lilivyopaswa, kisha likaondoka. "Umechoka," akasema. "Umechoka tu, baba. Kaa."

Simu yangu ikalia, kiongozi, basi langu liko wapi! Nikatoka nje nikammwagia yote kwa pumzi moja, tena kwa sauti ya jukwaani. Nilijiandaa kwa ugomvi. Lakini akasema, na mpaka leo namheshimu kwa hilo, "Mwache abaki. Abaki mpaka atakapotaka mwenyewe. Besi ataipiga mpiga kinanda kwa mkono wa kushoto. Mwambie nimesema mimi."

Nilirudi ndani nimejaa furaha. "Pono, umeruhusiwa! Unabaki!" Mdogo wake akapiga makofi, akakimbilia godoro chumba cha pili, akaanza kulitandika shuka huku anaongea, atampikia nini, atamkalisha wapi. Mama akafumba macho kwa raha. Tulimshushia begi lake na gitaa, tukaviweka ukutani.

"Haya," akasema Pono, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alitazama kuta. Alitazama dari. Baadaye akasimama akamwuliza dada yake kwa adabu, kama unavyomwuliza mhudumu, "Samahani, choo kiko wapi?"

"Kaka wewe!" Dada yake akacheka. "Choo ulichokijenga na baba?" Kisha akaona hatanii. Akamwonyesha kwa kidole, mkono wenyewe ukishuka taratibu.

Muda wetu ukafika. Tukaagana na mama, nikambusu, nikatoka. Wenzangu wakapanda. Nilikuwa nimesahau kilemba changu kwenye kiti, nikarudi kukichukua, na ndipo dereva akawasha injini.

Pono aliposikia injini alinyanyuka. Hakuharakisha. Alivaa begi begani, akainua sanduku la gitaa, akaangalia chini ya kiti kama kuna kitu amesahau, tunavyofanya katika kila chumba.

"Unakwenda wapi, baba?" mama akauliza.

"Basi linaondoka, mama."

"Si wamekwambia ubaki?"

"Ndiyo."

"Basi?"

Akasimama pale na mzigo wake. Nilimwambia, "Weka chini hilo sanduku, Pono! Weka chini sasa hivi!" Alinitazama vizuri tu, kwa heshima, na sanduku likabaki mkononi.

Mama alimtazama sana. Kisha akarudi kwenye utani, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho cha kumpa. "Nenda, mwanangu," akasema. "Kunizika umeshanizika leo. Siku yenyewe ikifika usiwasumbue wenzako kuzunguka."

"Nitarudi, mama. Mji mmoja tu."

Mdogo wake alikuwa mlangoni na mto mikononi, foronya imevaa nusu. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, yanadondokea kwenye ule mto. Pono alimtazama kwa mshangao, akamgusa bega.

"Unalia nini sasa?" akamwuliza. "Mama si yupo?"

"Yupo," akasema dada yake. "Nakulilia wewe, kaka."

Alifikiri kidogo, kama siku ile aliponijibu kuhusu mkewe. Nje dereva akapiga honi. Pono akainama kukwepa kizingiti cha juu cha mlango, akatoka, na mimi nikamfuata.